Knopf na Usafi wa Jumamosi

Nürtingen, 30 Machi 1996

Mwanangu Svenja,

Salamu kutoka kwenye nyumba yenye ngazi safi kuliko zote mtaani. Natumai u mzima na soksi zako ni kavu. Mimi sijambo, goti la kushoto linalalamika nikipanda ngazi, la kulia linasubiri zamu yake. Baba yako alinipigia simu kutoka Ulm, akanieleza habari za gari lake jipya, na nilipotaka kumweleza zangu akakumbuka kwamba simu ni ghali. Ndiye kaka yangu, tumelelewa nyumba moja, sina wa kumlaumu. Bwana Gutbrod wa ghorofa ya chini yuko vilevile. Wiki hii zamu ya ufagio ni yangu, kibao cha zamu kinaning'inia mlangoni kwangu, na juzi nilimwona akipitisha kidole kwenye ukingo wa ngazi kutafuta vumbi. Hakulipata. Alirudi ndani amenuna, nami nikafurahi mpaka jioni.

Sasa tuje kwa mgeni wako. Uliponiletea lile sanduku la kioo ukasema, "Shangazi, mpaka nirudi kutoka kisiwani Oktoba tu, hamsta hana usumbufu," nilikubali kwa kuwa nyumba imekuwa kubwa tangu tumzike mume wangu Ottmar Januari, na kwa kuwa ulikuwa umeshavaa viatu. Nina miaka sabini na moja, na kazi yangu sasa ni kumkatia tango mnyama anayefanana na panya aliyesahau mkia. Tena umempa jina Knopf, kifungo, eti kwa ajili ya macho yake! Mchana kutwa amelala. Nikianza chakula cha jioni ndipo anatoka, anajinyoosha kama karani aliyeamshwa na bosi, anapanda kwenye gurudumu lake na kukimbia mpaka alfajiri bila kwenda popote. Nilitaka kumcheka. Halafu nikakumbuka kwamba nimefagia ngazi hizi miaka arobaini na bado ziko palepale.

Na uroho je? Nilimpa mbegu za alizeti, akazishindilia zote mashavuni mpaka kichwa kikawa kipana kuliko makalio, akaenda kuzificha pembeni chini ya maranda, akarudi kunitazama kana kwamba sijampa kitu. Ottmar alikuwa hivyohivyo kwa biskuti za Krismasi.

Usiwe na wasiwasi. Kwangu hatakosa chakula wala usafi. Nimekuahidi utamkuta mzima, na ahadi zangu unazijua.

Shangazi yako,
Adelheid


Kisiwani, 14 Aprili 1996

Shangazi yangu, shikamoo.

Mimi ni mzima, soksi hazijakauka tangu nifike. Kibanda changu kimesimama juu ya nguzo, maji yakijaa yanapita chini ya kitanda. Kazi ndiyo ile ile: nahesabu ndege asubuhi, nahesabu ndege jioni, na katikati nasahau nilichohesabu. Hinnerk analeta mkate na barua kwa mashua bahari ikimruhusu, na bahari ya kaskazini hairuhusu mara nyingi. Kwa hiyo ukiona kimya usidhani nimezama. Nywele sijaziosha tangu Machi. Shakwe hawajalalamika, ila sili mmoja aliyetoa kichwa majini alinitazama kwa huruma.

Knopf aache alale mchana, ndivyo alivyoumbwa. Macho yake hayaoni mbali, anaishi kwa pua, kwa hiyo kabla ya kumshika mnusishe mkono wako kwanza. Na nakuomba sana, usije ukamwonea huruma ukamnunulia mwenzake. Hamsta wakubwa wawili katika sanduku moja watauana, hata kama ni ndugu. Ukikutana na baba yangu Krismasi utanielewa.

Nakuuliza tena nililokuuliza mlangoni: unalala? Unakula? Unazungumza na mtu?

Svenja


Nürtingen, 27 Aprili 1996

Mwanangu Svenja,

Nimeipokea barua yako, ilikuwa na mchanga ndani, nimefagia. Hapa sote wazima. Dengu zimepanda bei, cheri za jirani zimechanua. Baba yako ameligonga gari jipya kwenye nguzo ya lango lake mwenyewe, nami nimesali nisamehewe kwa jinsi nilivyocheka.

Ile habari ya mwenzake umechelewa kidogo, maana nilikuwa nimeshafika dukani. Muuzaji alinieleza kama ulivyonieleza wewe, nikajifanya nilikuja kununua maranda.

Bwana Gutbrod amepanda kuniuliza kwa nini nashona kwa cherehani baada ya saa nne usiku, wakati nyumba inatakiwa kuwa kimya. Nikamwambia si cherehani, ni hamsta. Akasema pole. Nadhani ameanza kuamini kwamba nimerukwa na akili. Nimelipaka gurudumu mafuta ya saladi, sasa linalia kidogo tu, tena kwa adabu.

Lakini kuna jambo. Knopf ameninunia. Simwelewi, maana namtunza kuliko ninavyojitunza. Kila Jumamosi, nikimaliza ngazi na uwanja, namtoa, namweka kwenye ndoo, namwaga maranda yote na ile takataka aliyoificha pembeni, nasugua sanduku kwa maji ya moto, sabuni na siki, nakausha, naweka maranda mapya. Linanukia kama hospitali. Nikimrudisha, badala ya kushukuru, anakimbia kutoka pembe hii hadi ile, ananusa, anakwaruza kioo. Jumamosi iliyopita aliniuma kidole. Nikafunga bandeji nikajiambia, mazoea yana taabu, atazoea. Gurudumu amepunguza. Anajaza mashavu, anazunguka nayo, kana kwamba hajui pa kuyamwaga.

Umeniuliza kama nalala. Kwa gurudumu lile nani alale?

Adelheid


Nürtingen, 11 Mei 1996

Svenja,

Sijapata jibu, na redio inasema kuna dhoruba huko. Natumai nguzo zako ni imara.

Sitazunguka. Knopf amekonda. Manyoya ya ubavuni yamepukutika, mahali pamebaki pa waridi kama kisigino cha mtoto. Daktari wa mifugo alimgeuzageuza, akasema haoni ugonjwa, akaniuliza kama kuna kinachomsumbua. Nikamjibu anaishi mahali safi kuliko zahanati yake. Alicheka, mimi sikucheka. Nimeanza kusafisha na Jumatano pia, iwapo ni vijidudu.

Naogopa, mwanangu. Kuna kiumbe kimoja tu kinachopumua katika nyumba hii zaidi yangu, na nadhani namuua, wala sijui kwa kitu gani.

Adelheid


Kisiwani, 19 Mei 1996

Shangazi, shikamoo. Mimi mzima, paa limevuja, salamu nyingine baadaye, Hinnerk anangoja chini na mashua na maji yanakupwa.

Acha kusafisha. Leo hii, acha. Kosa ni langu: sikukuonya kwa sababu mimi nikijitazama kwenye kioo sijawahi kumwona mtu wa kusafisha kupita kiasi, na nilisahau namwachia nani.

Hamsta ana tezi ubavuni, anajisugua nazo kila mahali anapopita. Ile harufu ndiyo nyumba yake. Ndiyo inayomwambia hapa ndipo ninapolala, hapa ndipo ilipo akiba yangu, hapa ni kwangu. Unapomwaga kila kitu na kusugua kwa siki, yeye haoni usafi. Anaona amehamishwa tena, na akiba yake imeibwa. Kila Jumamosi, Shangazi, na sasa na Jumatano.

Kama una maranda ya zamani popote, yarudishe. Hata konzi moja. Kiota na akiba usiviguse tena. Toa tu kipembe anachokojolea. Usimwogeshe, mpe bakuli la mchanga, atajigaragaza mwenyewe. Atapona.

Wewe hujanijibu nililokuuliza.

Svenja


Nürtingen, 2 Juni 1996

Mwanangu Svenja,

Natumai paa limezibwa. Huku ni jua, stroberi zimeanza, baba yako hajambo na gari limerudi kutoka kwa fundi likiwa na rangi isiyofanana. Bwana Gutbrod pia hajambo, na baada ya kusoma haya utaelewa kwa nini hanisalimii.

Barua yako ilifika Jumapili iliyopita, mjukuu wa Gutbrod aliiokota kwenye sanduku la barua la jirani. Jumapili, Svenja, saa ambayo watu wanatoka kanisani. Nikaisoma nimesimama, nikakumbuka maranda ya Jumatano na ya Jumamosi yamo kwenye pipa la taka za jikoni uani, na lori linakuja Jumatatu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikainama. Pipa lile ni refu, mimi ni mfupi, kwa hiyo niliingia mpaka kiunoni nikiwa na gauni langu jeusi la kanisani, miguu ikielekea mbinguni, nikichambua maganda ya viazi ya nyumba nzima nikitafuta mavi ya hamsta. Nilipotoka, jani la kabichi begani, familia ya Gutbrod ilikuwa imepanga mstari langoni na vitabu vyao vya nyimbo. Miaka arobaini nimejenga jina langu katika nyumba hii. Nikawaambia habari za Jumapili, nikapita.

Nilirudisha konzi mbili. Zilikuwa na unyevu, zilinuka, kwa mara ya kwanza nikaweka uchafu mahali safi kwa mkono wangu mwenyewe. Knopf alitoka, akanusa. Akasimama. Halafu akaanza kubeba, kidogo kidogo, mdomoni, kwenda pembe ile ile ya zamani, akapanga kitanda, akaingia na kulala. Sasa anakula. Ubavu umeanza kuota manyoya. Pembeni ana akiba ya mbegu na kipande cha karoti kilichonyauka ambacho kinanitia kichefuchefu, na sikigusi.

Sasa nitakujibu ulichouliza, maana hutaacha kuuliza.

Wiki ile tuliyomzika Ottmar nilijua watu watakuja. Kwa hiyo nilifua. Nilifua mapazia, mashuka, foronya yake, mashati yote, sweta, kofia, hata blanketi la kochi alilokuwa akilalia mchana. Nilisugua kabati kwa siki. Nilidhani ndiyo heshima, ndivyo mama yetu alivyofanya, na wageni walisema, "Adelheid, nyumba inang'aa," nikaona fahari nikiwa mjane wa siku tatu. Miaka arobaini nilipigana na harufu ya yule mtu: grisi za baiskeli, tumbaku ya kiko, na ile nyingine isiyo na jina aliyokuwa nayo shingoni. Nimeshinda, Svenja. Haipo.

Nilipokuwa nasoma barua yako nilikuwa namtazama Knopf akizunguka na mashavu yamejaa, nikasema, kumbe. Kumbe ndicho ninachofanya. Nafungua kabati naingiza uso. Nanusa pembe ya kochi. Natoka chumba hiki naenda kile na nimesahau nilifuata nini. Hakuna kitu humu ndani ila lavenda ya sabuni. Sina pa kulala katika nyumba yangu mwenyewe.

Silali. Nakula nikisimama. Nazungumza na hamsta. Umeridhika?

Namkumbuka sana.

Adelheid


Nürtingen, 14 Julai 1996

Mwanangu Svenja,

Hujambo? Hinnerk hajambo na mashua yake? Ni wiki sita sasa, na redio inasema bahari imetulia kama maziwa. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kama ni kwa sababu ya barua yangu ya mwisho, ichukulie kwamba ni goti lililoandika. Mwanamke mzima hapaswi kumwandikia msichana wa ndege mambo ya foronya. Knopf amenenepa. Jumamosi nasafisha kipembe kimoja tu, halafu nakaa juu ya mikono yangu.

Niandikie hata kuhusu shakwe.

Adelheid


Kisiwani, 28 Julai 1996

Shangazi yangu, shikamoo.

Mimi ni mzima, vifaranga wameruka, Hinnerk anakusalimu na anasema mwanamke aliyeingia kwenye pipa na gauni la kanisani anastahili samaki wa bure. Nilimsomea. Nisamehe.

Mashua imekuja hapa mara tatu tangu barua yako ya Juni ifike. Mara tatu nilifunga kifurushi, na mara mbili za kwanza nilimwambia Hinnerk sina kitu cha kupeleka.

Asubuhi ile baada ya mazishi nilipokuwa naondoka, zipu ya jaketi langu ilikuwa imeharibika. Uliniambia nikiwa mlangoni, hata hukugeuka, ulikuwa unatoa foronya, "Chukua koti lolote hapo ukutani, utapata mafua." Nilichukua koti la kazi la Mjomba Ottmar, lile la kijani. Lilikuwa nami mwezi wote wa Februari, nikaja nalo kisiwani. Nalivaa kwenye baridi. Nalilalia. Sijalifua hata mara moja, na usidhani ni kwa busara. Ni uvivu tu, ule ule uliokuwa ukinigombeza kwa sababu yake tangu nina miaka sita.

Lina mchanga, mafuta ya samaki, na bega la kulia shakwe amefanya yake. Lakini geuza kola, upande wa ndani, pale chapa ilipochanika. Mimi nikiweka pua hapo, namsikia akinifundisha kuziba pancha pale uani, akiniita fundi.

Sikutaka kulitoa, Shangazi. Ulipoandika kwamba haipo tena nyumbani nilijua papo hapo kwamba nimekalia nyumba yako, na bado nikaacha mashua iondoke. Mara mbili. Niliona aibu kukuandikia barua bila koti, na sikuwa na nguvu ya kukuandikia pamoja na koti.

Sasa naliachia. Usilifue. Nakujua, mkono utakuwasha. Usilifue.

Svenja


Nürtingen, 10 Agosti 1996

Mwanangu Svenja,

Sijambo, na safari hii si adabu tu. Baba yako alikuja, alikula tambi sahani tatu, akaondoka bila kutaja gari. Knopf ni mzima, manyoya yamejaa, ubavu hauonekani. Ukija Oktoba atakunusa kwanza kabla ya kukubali, usiumie. Sanduku lake linanuka. Nimezoea.

Kifurushi kililetwa leo asubuhi. Zamu ya ufagio ilikuwa yangu, kibao mlangoni, nami niko katikati ya ngazi na ufagio, na tarishi akanikabidhi pale pale. Unajua mimi vifurushi navifungua mezani, kwa mkasi, na karatasi naikunja kwa matumizi mengine. Leo nilikipasua kwa meno. Karatasi zikaanguka ngazini, kamba ikaanguka, na mchanga wa kisiwa chako ukamwagika kuanzia ngazi niliyosimama mpaka ya chini kabisa.

Koti linanuka samaki. Bega linatisha. Mkono uliniwasha, nakiri, nilishaanza kufikiria maji ya moto au ya baridi. Kisha nikageuza kola.

Yumo, Svenja.

Nilikaa kwenye ngazi isiyofagiliwa, nikajifunika koti lote kichwani, mwanamke wa miaka sabini na moja, nikalia kwa sauti ambayo sikuitoa Januari, kwa kuwa Januari nilikuwa nafua. Sijui ni muda gani. Nilisikia mlango wa chini unafunguliwa, na viatu vya Gutbrod vikipanda juu ya mchanga, kwaru, kwaru. Nikangoja aseme.

Akauliza, "Ni la Ottmar?"

Nikaitikia kwa kichwa humo ndani ya koti. Nikasikia anauchukua ufagio ulioegemea ukutani. Nikamwambia ni zamu yangu.

"Najua," akasema.

Alifagia kuanzia juu mpaka mlango wa nje, mchanga wote na karatasi zote, akanizunguka pale nilipokaa, wala hakuniambia niinue miguu.

Shangazi yako,
Adelheid